Bamvua la Kimbunga

Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino walikiita Yolanda, kiliupiga mji wa Tacloban. Onyo lilikuwa limetolewa mapema, na ndani yake mlikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, "storm surge". Watu waliyasikia, lakini wengi hawakuyaelewa. Walijiandaa kwa upepo, kisha bahari ikapanda mita 5 na zaidi. Waliokufa nchini humo walizidi 6,000, na baadhi ya majengo yaliyotengwa kuwa makimbilio yaliingiwa na maji. Manusura walikuja kusema kwamba laiti wangeambiwa ni sunami, wangekimbia.

Kiswahili nacho kina deni hapo. Kwa upepo hatuna shida: tuna kimbunga, tufani, dhoruba, chamchela, kisulisuli. Lakini maji yanayosukumwa na kimbunga mpaka sebuleni tunayaitaje? Wapo wafasiri wanaoandika "mawimbi ya dhoruba". Tatizo ni kwamba wimbi huja na kurudi. Masikio ya pwani yamezoea tangazo la mawimbi ya mita 2: mvuvi akilisikia haendi baharini, anakaa nyumbani. Ikiwa bahari yenyewe ndiyo inapanda mita 2, nyumbani ndipo pa hatari. "Mafuriko" nayo hutupeleka kwenye mito na mvua, na mtu hubaki akitazama mtaro badala ya ufuo. Sunami haifai pia, ingawa ingewaokoa watu wa Tacloban. Ile husababishwa zaidi na tetemeko chini ya bahari na huweza kufika bila miadi, ilhali kimbunga huonekana siku kadhaa kabla.

Kinachotokea ni hiki. Katikati ya kimbunga mna mgandamizo mdogo wa hewa, na kila hektopaskali moja ikipungua, bahari huinuka kama sentimita 1. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya mambo. Kazi kubwa hufanywa na upepo, unaoyasukuma maji kuelekea nchi kavu kwa saa nyingi. Kwenye ghuba ya kina kifupi maji hayana pa kupitia chini kurudi, hivyo hurundikana. Hayapigi na kuondoka, yanajaa.

Na neno la bahari kujaa kupita kawaida tunalo tangu zamani: bamvua. Mtoto wa pwani anajua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Napendekeza basi tuseme bamvua la kimbunga. Atakayepinga atasema bamvua hufuata mwezi na hili halifuati mwezi wowote. Ni kweli, na ndiyo maana limebandikwa "la kimbunga". Mimi naona kasoro hiyo ni ndogo ukilinganisha na faida yake, kwa sababu ukimtajia mvuvi jina hili atauliza papo hapo swali ambalo mtaalamu angependa aulize: litakuta maji gani? Kwenye mwambao wa Tanzania tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Mita 2 za kimbunga zikikuta maji yamekupwa huenda zisivuke ufuo. Zikikuta bamvua limejaa, zinaingia mitaani.

Faida nyingine ni ya nyumba kwa nyumba. Kila kijiji cha pwani kina alama ya bamvua: mstari wa takataka na majani makavu, ukuta uliobadilika rangi, shina la mkoko. Mwite fundi mwashi na ule mpira wake mwembamba unaoonyesha maji, anaotumia kusawazisha msingi. Autoe usawa kwenye alama hiyo auhamishe mpaka ukutani kwako, kisha apande mita 2, mita 3, apige mistari kwa chaki. Kama mstari umepita kitandani, mpango wa familia si kupigilia mabati bali kuondoka mapema, tena kwenda palipoinuka. Wamarekani wa pwani ya Ghuba ya Mexico wana kanuni ambayo kwa Kiswahili ningeiweka hivi: upepo hufichiwa, maji hukimbiwa.

Mengine yanajulikana: vyeti kwenye mfuko usioingiza maji, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, mtungi wa gesi ufungwe kamba usielee. Lakini kisima husahaulika. Haya ni maji ya chumvi, na yakishaingia kisimani hayanyweki hata anga likitakata. Weka akiba kabla, walau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu au zaidi.

Tusijione tuko mbali. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Huku kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, wanaoletewa maji ni wale walio kusini ya kitovu chake. Walio kaskazini upepo huwavutia maji baharini.

Hilo la mwisho lilionekana Florida Septemba 2017, ingawa huko mzunguko ni wa kinyume na wetu. Kimbunga Irma kiliikausha sehemu ya Ghuba ya Tampa, na watu wakashuka kutembea juu ya mchanga uliokuwa sakafu ya bahari. Hata hapo jina linafaa, maana bamvua ndilo linalokupwa mbali zaidi pia, likaacha miamba wazi. Wanaokwenda pweza siku hizo hawahitaji kuambiwa kwamba maji hayo yanarudi.