Kristo Alimfia Nani?

Leo twendeni Uholanzi, miaka 400 na zaidi iliyopita.

Katika chuo kikuu cha Leiden palikuwa na walimu wawili. Jacobus Arminius alifundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, naye aaminiye huokoka. Franciscus Gomarus alimpinga: Mungu amekwisha kuwachagua wake tangu milele. Arminius akafa mwaka 1609, lakini maneno hayakwisha. Mwaka 1610 wafuasi wake wakaandika hoja 5.

Mkutano mkuu wa kanisa ukakaa Dordrecht, tangu Novemba 1618 hata Mei 1619. Ukaamua ya kuwa kifo cha Kristo chatosha kwa dhambi za ulimwengu wote, bali huwaokoa wateule tu. Wachungaji kama 200 wakaondolewa kazini. Johan van Oldenbarnevelt, mkuu wa serikali aliyewakinga, alikuwa akishindana na Jemadari Maurits juu ya utawala. Alishitakiwa uhaini, akakatwa kichwa akiwa mzee wa miaka 71.

Maurits alikufa mwaka 1625, na waliofukuzwa wakaanza kurudi. Hoja yao yaendelea hata leo.

Sasa zungumzeni darasani: kwa nini swali la dini lilimwaga damu?