Nani alituma? Historia fupi ya SMS, uvumi na usalama wetu

Leo naweka kando mambo ya programu na lugha za kompyuta. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya juzi tu, ambayo wengi wetu tuliishika mkononi.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027, na hapa Tezo mabishano yameshaanza. Swali ni moja: mambo yakianza kuharibika, serikali izime mtandao au isizime? Wapo wanaosema uzimwe tu, kwa sababu maneno ndiyo yanayoua. Wapo wanaosema ukiuzima umetufumba macho, na aliyefumbwa macho hukimbia hata kivuli chake.

Mabishano haya si mapya. Tulikuwa nayo Desemba 2007 na Januari 2008, ila wakati ule chombo kilikuwa SMS. Kuanzia hapo Kenya imejaribu majibu matatu: kuzima, kumsaka aliyetuma, na kujibu. Mimi nadhani moja ndilo limesahaulika, ingawa lilijaribiwa mbele kidogo kwenye barabara yetu hii hii ya Malindi.

Herufi 160

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. SMS ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi Neil Papworth aliituma kutoka kwenye kompyuta, akimtakia mpokeaji heri ya Krismasi. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140. Kila herufi hutumia biti 7, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata herufi 160. Ujumbe hutoka kwenye simu yako, huingia katika kituo cha ujumbe cha kampuni, hukaa pale mpaka simu ya mwenzako ipatikane, kisha hupelekwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ukisambaza SMS uliyotumiwa, simu haibebi nambari ya aliyeiandika mwanzo. Unazaliwa ujumbe mpya, na nambari ni yako wewe. Barua pepe huja na kumbukumbu ya njia iliyopita, na mtu anayejua anaweza kuisoma. SMS haina kitu hicho. Shangazi yako akiupokea hamwoni mwandishi asiyemjua, anamwona mtoto wa ndugu yake, na kwa kuwa anakuamini wewe, anauamini na ujumbe. Kwa hiyo uvumi uliopita mikononi mwa watu kumi umetiwa sahihi kumi za watu wanaoaminiana. Nguvu yake iko hapo.

Siku ile ya tarehe 30

Tarehe 30 Desemba 2007 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na Kibaki akaapishwa jioni ile ile. Upande wa Raila Odinga ulikataa matokeo. Siku hiyo hiyo Waziri wa Usalama wa Ndani, John Michuki, akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga.

Fikirieni matokeo yake. Watu wamejaa hofu, maduka yamefungwa, na redio haiwezi kusema kinachotokea sasa hivi. Kilichobaki ni simu. Mimi nilikuwa Tezo, na simu yangu ilikuwa Nokia 1100, ile ya tochi. Kadi za kredo ziliadimika, na bado SMS zilikuwa zinaingia. Nyingine zilisema watu wa kabila fulani wamejipanga. Nyingine zilitaka watu wa kabila fulani wahame. Hakuna iliyosema nani ameona kwa macho yake.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia ndani. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na watu wapatao 350,000 walihama makwao. SMS hazikuwa chanzo cha yote hayo. Chanzo kilikuwa siasa, ardhi na magenge yaliyopangwa. Lakini zilikuwa kuni kwenye moto uliokwisha washwa.

Jibu la kwanza: zima

Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano, alifikiria kuzima huduma ya SMS nchi nzima. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, alishauri wasizime, bali kampuni zitumie njia ile ile kutuma ujumbe wa amani. Safaricom ikautuma kwa wateja wake wote, wapatao milioni 9.

Sitaki kudai kwamba ujumbe ule ulimaliza vita. Mtu aliyeshika panga hasomi salamu za kampuni ya simu. Lakini kutozima kulikuwa na maana kubwa. Mzazi ambaye mwanawe hakurudi nyumbani aliweza kuuliza yuko wapi. Aliyezingirwa aliweza kuita msaada. Waya unaopitisha uvumi ndio unaopitisha na "niko salama". Ukiukata, umekata vyote viwili.

Jibu la pili: msake aliyetuma

Kampuni za simu zilikuwa na kumbukumbu, na serikali ikapewa orodha ya watu zaidi ya 1,700 waliodaiwa kusambaza uchochezi. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwanza, hakukuwa na sheria iliyotaja kosa hilo waziwazi. Pili, wakati ule laini ya simu ilinunuliwa dukani kama kiberiti, bila kitambulisho. Nambari ilijulikana, mwenyewe hajulikani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuziba mapengo hayo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa 2008, ikaharamisha matamshi ya chuki na kuunda tume ya NCIC. Usajili wa laini ulianza 2010. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Tume ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa SMS za kisiasa zinazotumwa kwa watu wengi kwa mpigo: mwanasiasa awasilishe maneno yake saa 48 kabla, na ayaandike kwa Kiswahili au Kiingereza. Kigiriama hakikuruhusiwa, wala lugha nyingine yoyote ya mama.

Mimi sipingi kumsaka mchochezi. Anayeita watu waue wenzao ni mhalifu, awe ameandika au amepayuka kwenye jukwaa. Lakini njia hii ina kasoro mbili. Ya kwanza, hufika baada ya maziko. Ya pili, rungu la kumpiga mchochezi huishia kichwani mwa mlalamikaji wa kawaida. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichohusu matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano, kilitumiwa kuwashtaki watu kwa maneno waliyoandika mtandaoni, mpaka Aprili 2016 ambapo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta, akiona kwamba maneno yake ni mapana mno.

Jibu la tatu: jibu

Wakati serikali inafikiria kuzima, vijana wachache wa kompyuta walikuwa wanafikiria vingine. David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, aliendesha Mashada, ukumbi ambao Wakenya wengi walibishana siasa mtandaoni. Januari 2008 matusi ya kikabila yalizidi mpaka akaufunga, kisha akafungua ukurasa mwingine ambapo mtu alitakiwa aandike kama Mkenya asiye na kabila.

Tarehe 3 Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh, akiwa amerejea Afrika Kusini, aliandika kuuliza: kuna mafundi wa kuweka kwenye ramani ya Google sehemu zinazotokea vurugu? Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioitikia. Katika siku chache tovuti ilikuwa hewani, ikaitwa kwa neno letu wenyewe: Ushahidi. Mtu alituma taarifa kwa simu au kwa tovuti, wasaidizi wakailinganisha na taarifa nyingine, kisha ikawekwa kwenye ramani ikiwa na mahali na tarehe. Watu 45,000 waliitumia hapa Kenya. Baadaye programu hiyo ilitumika mashariki ya Kongo, na Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Jina lile linasema kila kitu. SMS ya uvumi husema "nasikia". Ushahidi uliuliza: wapi, lini, nani kaona?

Upungufu wake ulikuwa kwamba ramani ilitaka intaneti, na Mkenya wa kawaida wa 2008 hakuwa nayo. Mtu aliye hatarini kijijini aliweza kutuma taarifa bila kuona jibu.

Una Hakika?

Sasa tuje kwetu. Barabara inayopita hapa Tezo kwenda Malindi huendelea hadi Garsen, kwenye Delta ya Tana. Kuanzia Agosti 2012 Wapokomo, ambao wengi ni wakulima, na Waorma, ambao wengi ni wafugaji, walipigana huko juu ya malisho, maji na ardhi, uchaguzi ukiwa unakaribia. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Hadi mwisho wa mwaka waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Hofu ya "wale wanakuja usiku" ilitosha kuwafanya watu wawahi kushambulia kabla hawajashambuliwa.

Baada ya mapigano yale, shirika la Sentinel Project la Kanada, likishirikiana na watafiti wa iHub ya Nairobi, lilianzisha huduma iliyoitwa Una Hakika. Kufikia 2014 ilikuwa inafanya kazi. Ukisikia uvumi, unatuma SMS au unapiga simu. Uvumi unaandikwa, na ule wa hatari unapewa nafasi ya mbele. Kisha wanaulizwa watu wa mahali penyewe, wakiwemo wajumbe wa kujitolea wa vijijini, wazee na polisi. Jibu likipatikana linarudishwa kwa SMS kwa waliojiandikisha katika eneo hilo: ni kweli, si kweli, au bado tunatafuta.

Kwa jicho la fundi hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Ni hifadhidata, nambari ya simu na SMS. Kazi kubwa ni watu. Mliona kwamba uvumi hupata nguvu kwa sahihi ya mtu unayemwamini. Una Hakika iliupa ukweli sahihi hiyo hiyo. Jibu lilipita kwa mjumbe wa kijijini anayejulikana kwa jina la baba yake.

Tumerudi pale pale

Leo SMS imeachia WhatsApp nafasi. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri kati ya mtumaji na mpokeaji, kwa hiyo kampuni haina maandishi ya kukabidhi kama yale ya 2008. Mwaka 2018 wakaongeza alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, na 2019 wakaweka kikomo cha kuusambaza kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Ni hatua nzuri. Angalau sasa shangazi anaona kwamba hukuandika wewe.

Lakini tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi kuingia Bungeni, intaneti ilivurugika nchini, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Watu wakapigwa risasi, na ndugu zao wakawa wanahangaika kujua nani yuko hospitali gani. Lile swali la 2008 lilikuwa limerudi.

Ndiyo maana nasema jibu la tatu limesahaulika. Kuzima ni amri ya dakika moja. Kumsaka mtu kunahitaji sheria na mahakama. Kujibu kunahitaji maandalizi ya miezi, kwa sababu huwezi kutafuta watu wa kuaminika siku ambayo nyumba zinawaka. Mjumbe wa Roka lazima awe ameshajulikana Roka, na nambari iwe imeshazoeleka kabla ya kura kupigwa.

Fundi wa kompyuta yeyote wa Kilifi anaweza kujenga upande wa programu kwa wiki chache, na mimi nipo tayari kushika kibodi. Upande wa watu ndio mgumu: nani huko kwenu, akisema "nimefika, nimeona, si kweli", pande zote mbili zitamsikiliza? Mkiwa na jina hilo mfukoni kabla ya Agosti 2027, mmeshamaliza nusu ya kazi.

Haya, tuonane wakati mwingine. Alamsiki.