Mbwa katika chumba cha mganga wa meno

Wasomaji wetu wengi watacheka wakisikia kwamba katika miji mingine ya Ulaya na Marekani mbwa huingizwa katika chumba cha mganga wa meno, tena hupandishwa kitini, akalala juu ya miguu ya mtoto wakati mtoto anapotengenezwa meno. Kwetu mbwa ana kazi zake zinazojulikana. Huwinda, hulinda nyumba, na akichungulia jikoni hufukuzwa kwa fimbo. Lakini jambo hili si mchezo wa matajiri. Lina historia yake, na tukiifuata tutaona kwamba kabla ya mbwa kulikuwa na kamba.

Hofu ya meno ni ya zamani sana. Wakristo walimchagua Mtakatifu Apolonia wa Alexandria, ambaye watesi wake walimvunja meno mwaka 249, awe mwombezi wa wenye kuumwa meno. Mwaka 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, mganga Horace Wells alivuta gesi ya kuondoa maumivu, akang'olewa jino lake mwenyewe pasipo kuona uchungu. Maumivu yakaanza kushindwa, ila hofu haikushindwa. Na mtoto mwenye hofu alifanywaje? Alishikwa. Wengine walifungwa kwa mikanda juu ya ubao. Waganga wa watoto walifundishana hata kumziba mdomo kwa mkono mtoto anayepiga kelele, mpaka anyamaze, na njia hiyo ilifutwa katika miongozo ya chama cha waganga wa meno ya watoto wa Marekani mwaka 2006 tu. Ni juzi!

Tusiwaonee waganga hao. Wengi walitafuta upole. Mwaka 1959 Harold Addelston alieleza njia iliyoenea kote: kwanza mwambie mtoto utakalofanya, kisha mwonyeshe, ndipo ufanye. Ni njia nzuri. Lakini inahitaji mtoto anayepokea maneno. Je, asiyeyapokea?

Watoto hao wapo. Mwaka 1943, katika mji wa Baltimore, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo twaiita usonji, na wengine otizimu. Wengine kati yao hawakusema kabisa; wote walipenda mambo yabaki vilevile kila siku. Kanner aliona tena kwamba sauti kali ziliwatia woga mkuu: mashine ya kufagia, maji yanayotoka bombani, hata chombo cha kupigia mayai. Basi, msomaji, fikiri mtoto wa namna hiyo amelazwa chali kitini, taa inamwaka machoni, mikono ya mgeni imo kinywani mwake, na mashine inalia karibu na sikio. Tangu mwaka 1957 mashine za kutoboa meno zilianza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Kazi ikawa fupi, lakini mlio wake ukawa kama filimbi isiyokoma.

Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi wataalamu wengine waliwalaumu mama wa watoto hao, eti mioyo yao ni baridi. Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alilipinga neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1964, akaonyesha kwamba hali hii ina asili yake mwilini. Mama aliyekwisha kulaumiwa hivyo, akimpeleka mwanawe kwa mganga na kuona watu wanne wakimshika, mara ya pili harudi. Na jino bovu halingoji.

Sasa mbwa aliingiaje? Wanyama walikuwa wameingia mapema katika nyumba za wagonjwa. Katika mji wa York, huko Uingereza, William Tuke na wenzake walifungua mwaka 1796 nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoitwa The Retreat, yaani mahali pa kupumzikia. Wakati huo wagonjwa wa akili mahali pengi walifungwa minyororo. Katika nyua za York walifugwa sungura na kuku, ili wagonjwa wawe na kitu cha kutunza. Baadaye Florence Nightingale naye aliandika kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mtu aliye kitandani siku nyingi.

Lakini aliyeanzisha elimu yenyewe ni Boris Levinson, mtaalamu wa nafsi za watoto huko New York. Alikuwa na mbwa, jina lake Jingles. Siku moja, katika miaka ya 1950, mama mmoja alifika na mtoto wake mapema kuliko saa waliyoagana. Mtoto huyo alikuwa amejifungia ndani ya nafsi yake, na matibabu mengi hayakufaa. Mbwa hakuwa ametolewa chumbani. Akamkimbilia mtoto, akamlamba, naye mtoto, badala ya kuogopa, akamkumbatia. Kwa siku kadhaa alikuja kucheza na mbwa tu, wala Levinson hakumwangalia. Polepole ule upendo ukamfikia na mwenye mbwa. Levinson aliposimulia hayo mbele ya wenzake mwaka 1961, wengine walimcheka. Hakuacha. Mwaka 1962 alichapa maandiko yake ya kwanza juu ya mbwa kama msaidizi wa mganga.

Wenye kucheka walipungua baadaye. Mwaka 1989 Laurel Redefer na Joan Goodman walieleza habari za watoto 12 wenye usonji: mbwa alipokuwapo, walijitenga kidogo zaidi kuliko kwanza, wakawaelekea watu. Sababu yake si uchawi. Mbwa hamwulizi mtoto maswali, wala hamlazimishi kumtazama usoni. Uzito wake juu ya miguu hutuliza mwili, na mkono unaopapasa manyoya una kazi ya kufanya.

Kuhusu meno hasa, yafaa tuseme kweli, kwa sababu wengine husifu kupita kiasi. Mwaka 2001 ulichapwa uchunguzi wa watoto 40 kwa mganga wa meno, nusu wakiwa pamoja na mbwa. Walipimwa joto la ngozi, kwa maana mwenye hofu hupoa vidole. Wakihesabiwa wote pamoja, mbwa hakuleta tofauti kubwa. Lakini wale waliosema tangu mlangoni kwamba wanaogopa walitulia zaidi, hasa wakati wa kumngoja mganga. Watoto hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya usonji. Ila kila mzazi ajua kwamba kungoja ndiko kunakomshinda mtoto.

Mbwa naye hachukuliwi barabarani. Hufundishwa na kujaribiwa, huogeshwa na kuchanjwa, na mwenye kumwongoza hatoki chumbani. Asiyevumilia mlio wa mashine hurudishwa nyumbani, wala halazimishwi. Tena wapo watoto ambao manyoya huwaletea pumu, na wapo wenye usonji wanaoogopa kubweka kuliko mashine yenyewe. Kwa hao zimetafutwa njia nyingine. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2023 kutoka Los Angeles uliwapima watoto wenye usonji katika chumba chenye mwanga hafifu na muziki wa taratibu, wakizungushiwa kitambaa chenye kuwakumbatia kitini. Mahangaiko yao yalipungua kuliko katika chumba cha kawaida.