Chapa Iko Kwenye Gorogoro

Ukishuka kwenye matatu pale Malava, mji mkubwa wa Kabras, Mungu anakupokea kabla hujanunua hata maji. Ni kama miji mingine ya Kenya tu: Ebenezer, Bethel, El-Shaddai, Jehovah Jireh. Kinyozi, bucha, duka la mbolea, wakala wa M-Pesa, kila mlango na aya yake. Lakini jina ambalo limeitoa Kabras hadi kwenye rafu za supamaketi za Nairobi halina Mungu ndani yake. Ni jina la mahali: Kabras Sugar, sukari ya kampuni ya West Kenya. Mwaka 2016 timu yao ya raga ilipotwaa Kenya Cup, watu ambao hawajawahi kukanyaga Kakamega walianza kutamka "Kabras" kama jina la jirani.

Mimi ni mtoto wa huku, na unga wangu natafutia kwenye kuchora nembo. Wateja wangu wengi ni vijana waliookoka. Mmoja anasaga karanga, mwingine anauza mitumba mtandaoni, mwingine ana mashine ya unga. Ombi lao ni moja: "Nataka chapa ya Kikristo, bro. Niwekee njiwa. Niwekee na aya." Sasa, mimi sina shida na njiwa. Swali langu ni la historia: kabla ya njiwa na aya, watu walijuaje kwamba biashara hii ni ya Mkristo? Kabras ni mahali pazuri pa kuuliza hivyo, kwa sababu injili iliyotufikia huku ilikuja na msumeno mkononi.

Turudi 1902. Reli imefika Kisumu mwaka mmoja tu uliopita. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wanapanda kutoka upande wa ziwa hadi Kaimosi na kufungua misheni. Ni Wakweka, watu wa Jumuiya ya Marafiki, kanisa ambalo huku wengi tunaliita Friends tu. Na hawakuja na misheni ya mahubiri peke yake. Waliiita misheni ya viwanda. Hotchkiss alikuwa ameshaishi Ukambani, na wazo lake lilikuwa kwamba kanisa la Waafrika lisiishi kwa kungoja sadaka kutoka Marekani. Lijilishe. Ndiyo maana Kaimosi palikuwa na Biblia, na pia mashine ya kupasua mbao iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, useremala, ufyatuaji wa matofali na usagaji wa nafaka. Vituo vikazidi: Vihiga, Lirhanda, Lugulu, na huku kwetu Malava.

Tusiipake asali hadithi hii. Misheni ilipata ardhi kubwa chini ya serikali ya kikoloni, na kijana aliyekwenda kujifunza kupasua mbao mara nyingi alikuwa anatafuta pia pesa za kodi ya nyumba ambayo serikali hiyo hiyo ilimdai. Kazi na wokovu viliingia kwa mlango mmoja, na si kila aliyeingia alikuwa amechagua mlango. Hata hivyo, dini hii ilikuwa na mazoea ya kibiashara ya zaidi ya miaka 200, na mazoea hayo ndiyo ninayoyataka.

Wakweka walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, na walikuwa watu wa ajabu kidogo. Walikataa kuapa, hata mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ukiapa kwamba sasa unasema kweli, unakiri kwamba siku nyingine huwa husemi. Ukweli ni mmoja, uwe mbele ya hakimu au mbele ya mteja. Halafu wakaipeleka hoja hiyo dukani. Zama hizo bei ilikuwa mchezo: muuzaji anataja 20 akijua anataka 12, mnunuzi anataja 6 akijua atatoa 12. Wakweka wakasema huo ni uongo wa pande mbili. Wakataja bei moja, wakanyamaza.

Wateja wakakasirika. Wewe fikiria umeenda Gikomba, muuzaji anakataa kupunguza hata shilingi kumi! George Fox, mwanzilishi wao, anaeleza kwamba mwanzoni wafanyabiashara hao walipoteza wateja. Kisha watu wakagundua jambo: kwa Mkweka unaweza kumtuma mtoto mdogo, na atauziwa kwa bei ile ile ambayo angeuziwa baba yake. Wakarudi, tena wengi. Hakuna nembo iliyowarudisha. Ilikuwa ni bei.

Kwenye jumuiya hiyo ndiko zilikotoka familia ambazo majina yao bado tunayala: Fry wa Bristol, Rowntree wa York, Cadbury wa Birmingham. John Cadbury alifungua duka mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa, akiamini vinywaji hivyo vingewapunguza watu kwenye pombe. Imani ilimchagulia hata bidhaa.

Lakini hapa ndipo hadithi inapouma. Kuanzia 1901 wakubwa wa Cadbury walikuwa na habari kwamba kakao waliyoinunua São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno, ilivunwa na Waangola waliochukuliwa kama watumwa. Walichunguza, wakaandika barua, wakatuma watu, wakazungumza na serikali. Na wakaendelea kununua. Waliacha mwaka 1909. Mwaka huo huo kesi waliyoifungua dhidi ya gazeti la London lililowaita wanafiki ilisikilizwa, na wakashinda. Fidia waliyopewa na baraza la mahakama? Farthing moja, yaani robo ya peni. Sheria iliwapa haki, na watu wa kawaida waliokaa kwenye baraza wakawaambia wanachofikiri hiyo haki ina thamani gani.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, mwaka 1877 kampuni moja ya kusaga shayiri ilisajili alama yenye picha ya Mkweka. Leo tunaijua kama Quaker Oats. Kumbe wenyewe hawakuwa Wakweka! Waliona jina hilo lina sifa ya uaminifu, wakalikopa. Vizazi vya watu wasioyumba kwenye bei vilikuwa vimejenga sifa, na mtu mwingine akaivaa kama koti la mtumba. Sheria haikumzuia.

Weka hadithi hizi mbili pamoja, Cadbury na Quaker Oats, uone zinachosema. Picha ya dini inaweza kukaa kwenye pakiti bila imani yoyote nyuma yake. Na imani ya kweli kabisa inaweza kukaa ofisini huku dhambi iko mwanzo wa mnyororo, kule ambako mteja haoni. Kwa hiyo chapa ya Kikristo, kama ipo, iko kwenye ile sehemu ya biashara ambayo mteja hawezi kuikagua mwenyewe.

Sokoni kwetu sehemu hiyo ina jina: gorogoro. Ni kopo la kilo mbili tunalopimia mahindi na maharagwe. Na kila mama wa soko anaujua ujanja wake: bonyeza kitako kiingie ndani kidogo, na kila kopo linapungua konzi moja. Mnunuzi anaona limejaa pomoni. Kukhu wangu aliuza mahindi, na alikuwa na mazoea ya kumgeuzia mteja mpya lile kopo aone kitako kabla ya kupima. Hakuwa na bango. Kibanda chake kiliitwa jina lake tu, na wanawake walikuwa wanavipita vibanda vingine kumfuata yeye.

Sasa tuje kwenye miwa, maana Kabras ni miwa. Si yote inayoenda kiwandani. Mingine inaishia kwenye vinu vya sukari nguru, na nani asiyejua kwamba sehemu ya sukari nguru hiyo huishia kwenye mitungi ya chang'aa? Mteja wangu mmoja anataka kuifunga kwenye pakiti nzuri, kama utamu wa asili kwa wanywa chai wa Nairobi, njiwa juu, aya chini. Wazo zuri kabisa. Lakini gunia ambalo Nairobi haitanunua, atamuuzia nani? Cadbury walisumbuliwa na kakao ilikotoka. Yeye atasumbuliwa na sukari nguru inakoenda. Na kanisa la Friends alimokulia halijawahi kuwa na utani na pombe.

Najua jibu utakalonipa: kodi ya nyumba, karo, mkopo wa simu unaodai kila asubuhi. Ni kweli. Uaminifu una gharama, na maskini anailipa mapema kuliko tajiri. Cadbury walikuwa na uwezo wa kungoja miaka minane wakiandika barua; mwenye kibanda hana wiki nane. Lakini wale wauzaji wa kwanza wa bei moja nao hawakuwa matajiri. Walipoteza wateja kwanza.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniomba njiwa, namwambia sawa, nitamchora. Kisha namuuliza maswali matatu, na sianzi kazi kabla hajajibu. Bei yako ni ile ile kwa mtoto na kwa mzungu? Mzigo wako unatoka wapi, na ukibaki unaenda wapi? Na kama una gorogoro, hebu igeuze.