Bandari ya Dar es Salaam na mto wa Kilosa

Hebu nikuulize. Makontena yakirundikana bandarini Dar es Salaam, tatizo utalitafuta wapi? Wengi tutasema kwenye kreni, au kwa watu wa forodha. Leo twende kilomita 283 kutoka Dar kwa reli, hadi Kilosa, kando ya Mto Mkondoa.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914. Njiani walikutana na milima inayotenganisha nchi ya chini na uwanda wa juu wa Dodoma. Sasa, gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo, na ndiyo maana hiyohiyo hushindwa na mlima ambao lori linaupanda. Kupanda mita 2 tu kwa kila mita 100 ni kazi nzito kwa treni ya mizigo. Basi wakafuata bonde la mto, njia ya zamani ya misafara ya wapagazi.

Mto ukawapa mteremko wa taratibu, lakini reli ikabaki pembeni mwa maji kwa kilomita kama 80, kutoka Kilosa mpaka Gulwe. Mvua zikinyesha juu kule Mpwapwa na Dodoma, maji hushuka na mchanga. Mchanga hutuama, kina cha mto hupungua, na maji hutafuta njia mpya. Mara nyingi njia hiyo ni tuta la reli.

Desemba 2009 na Januari 2010 ndivyo ilivyotokea. Mafuriko yalizoa reli na madaraja, na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi. Kwa miezi kadhaa treni haikupita kati ya Dar na Dodoma. Mizigo ikahamia kwenye malori. Ongeza uhaba wa vichwa vya treni na mabehewa: reli iliyobeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufikia 2013 haikufikisha hata laki 3.

Na siyo njia ya Kigoma na Mwanza peke yake. Kilosa ndipo linapochepuka tawi la reli linalopita Mikumi hadi Kidatu, kwenye reli ya TAZARA. Reli yetu ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe. Mzigo wa kutoka Tabora kwenda kusini nao lazima upite bonde lilelile.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kukarabati reli ya zamani, Dar hadi Isaka, kilomita 970. SGR, iliyoanza kubeba mizigo 2025, ilipofika Kilosa ikatoboa mahandaki milimani badala ya kukumbatia mto.

Lakini handaki halizuii mchanga. Reli ya zamani bado iko bondeni, na watu wa Kilosa bado wanaishi pale. Kwa hiyo ukisikia mpango wa kufufua reli ya bandari, usiulize tu idadi ya mabehewa. Uliza pia nani anatunza udongo wa Mpwapwa.