Albamu ya Mnyonge Iliyotolewa Ulaya

Mwaka 1989 Dk. Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walitoa albamu ya Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Ilitolewa Uingereza na Real World, lebo ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel iliyoanza mwaka huohuo. Ndani yake zimo "Sauti ya Mnyonge" na "Kipenda Roho". Ila mnyonge mwenyewe, awe wa Manzese jijini Dar es Salaam au wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, angeipatia wapi?

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akahamia Matimila. Jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo. Wanamuziki wengi wa enzi hizo hawakumiliki hata gitaa walilopiga.

Santuri nazo zilikuwa adimu. Zilikuwa zikichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Bendi zikabaki na studio ya Redio Tanzania, Barabara ya Pugu: wote wanapiga kwa mkupuo, akikosea mmoja wanaanza upya. Mpanda, inakoishia reli itokayo Kaliua, muziki ulifika kwa redio ya mbao na kwa kaseti iliyorudufiwa kutoka kaseti nyingine, ambayo utepe wake ukilegea unakazwa kwa kalamu ya Bic. Watu waliujua wimbo mmoja mmoja. Habari ya albamu ilikuwa ya wenye mashine ya santuri.

Kaseti ndiyo iliyomfungulia Remmy milango pia. Rafiki mmoja aliipeleka Uingereza, ikawafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, naye akaalikwa mwaka 1988. Wazungu walilipenda gitaa lake bila kujua Kiswahili. Ndiyo maana albamu iliyofuata ya Real World, Mambo ya mwaka 1992, ina nyimbo za Kiingereza: alitaka nao wasikie anachosema.

Nyumbani maneno hayakuhitaji mkalimani, na ndiyo yaliyomponza. Alipotoa wimbo wa "Mambo kwa Soksi" kuhimiza kondomu wakati Ukimwi unaua, Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ukaenea kwa kaseti na kwenye kumbi za dansi, hata wasiokuwa na redio wakaujua. Remmy alifariki Desemba 2010. Ulaya imebaki na albamu zake kabatini. Watanzania walimpokea bila albamu: waliyashika maneno yake na kuyabishania, na kwa mtunzi aliyejiita sauti ya wanyonge, hayo ndiyo mapokezi aliyoyatafuta.