Nilisema "sawa dada", Nader alikataa

Wadau, samahani kwa kupotea. Nilikuwa nyumbani Mwanza, na kurudi chuo kumenitoa jasho. Kaka alinikatia tiketi ya ndege, mara yangu ya kwanza maishani! Nikafika kaunta mapema, nikaambiwa ndege imejaa. Tiketi ninayo, siti hamna. Nikasema "sawa dada", nikakaa pembeni kama mtoto aliyetolewa darasani. Nimeondoka kesho yake, na jaribio la asubuhi limenipita.

Si mnajua nasomea ualimu wa historia? Basi nikaanza kuchimba. Kumbe mashirika mengi huuza tiketi nyingi kuliko siti kwa makusudi, maana kila safari kuna watu wanaokata tiketi halafu hawatokei. Siku wakitokea wote, lazima wengine waachwe. Kwenye ndege hakuna kusimama kama kwenye daladala.

Aprili 1972 yalimkuta Ralph Nader, mtetezi maarufu wa walaji huko Marekani. Alikuwa anatoka Washington kwenda Hartford kwenye mkutano, shirika la Allegheny likamwacha na tiketi yake mkononi. Yeye hakusema sawa. Alishtaki, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1976 ikaamuliwa kwamba ana haki ya kuendelea kulidai shirika kwa kutowaambia abiria ukweli.

Kabla ya hapo, mwanauchumi Julian Simon alishatoa wazo rahisi tu: waulizeni abiria nani yuko tayari kubaki kwa malipo, na anayetaka kidogo ndiye abaki. Mashirika hayakutaka kusikia. Ila mwaka 1978 Marekani ikaweka kanuni kwamba waombwe kwanza wanaojitolea. Ulaya nao wakaweka kanuni yao 1991, wakaikaza 2004: anayeachwa bila kupenda anaweza kudai euro 250 hadi 600, kutegemea umbali.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Aprili 2017, mjini Chicago, abiria aliburutwa kutoka kwenye siti yake ndani ya ndege ya United Express ili kupisha wafanyakazi wa shirika. Dunia nzima iliona video.

Nilichojifunza ni kwamba kanuni hizi hazikuja kwa huruma ya mtu. Kuna abiria walioudhika wakagoma kunyamaza. Mimi nilinyamaza, tena nikashukuru! Siku nyingine nitauliza kwa adabu: "Dada, mmeshaomba wanaojitolea? Na fidia yangu je?"

Haya, naenda kumbembeleza mwalimu anipe jaribio lingine. Niombeeni.